Punda akigoma njiani, legeza kamba kwanza

Punda wangu Jabali alikuwa na umri wa miaka kama minne nilipomnunua, na kwa siku kumi na moja alikataa kuvuka mfereji wa uchochoroni kwetu. Mfereji wenyewe haufiki upana wa shibiri mbili. Akifika pale anakita kwato, anasimamisha masikio, basi. Nyuma yetu punda wa watu wamebebeshwa mchanga wanangoja, na wenye punda wanapaza sauti: mchape huyo!

Nilimchapa. Nalisema hili wazi kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mna fimbo nyuma ya mlango, na sitaki mdhani anayewashauri hajawahi kuishika. Siku ya nne nilimpiga mpaka mkono ukachoka. Hakukimbia, hakurusha teke. Alifumba macho akangoja nimalize. Usiku ule sikulala vizuri.

Kwa asiyeijua Lamu: mji wetu wa kale ni vichochoro, gari halipiti. Mawe, saruji na mchanga vikishuka gatini hupanda mjini kwa punda, kwa mkokoteni au kwa mabega ya mtu. Punda asiyevuka mfereji hapa hana kazi, na punda asiye na kazi mwisho wake unajulikana. Kwa hiyo suala lilikuwa zito kwangu, na kwake zaidi.

Wazee wetu walisema punda haendi bila kigongo, nasi tumeishika kauli hiyo mpaka hatuulizi kwa nini amesimama. Punda wa kufugwa anatokana na punda mwitu wa Afrika, ambao mpaka leo wamebaki wachache Ethiopia na Eritrea, katika nchi kavu ya mawe. Farasi akishtuka hukimbia pamoja na kundi lake. Punda akikimbia ovyo kwenye majabali atavunjika mguu, na mara nyingi yuko peke yake. Ndiyo maana yeye husimama, akatazama, akapima, kisha akaamua. Sisi tunakuita ukaidi. Ukimpiga wakati ule anapima, unamthibitishia kwamba mahali pale pana hatari kweli: kila akifika mferejini anaumia.

Kabla ya mafunzo yoyote, mpeleke akatazamwe. Lamu tuna bahati, hospitali ya punda ipo hapa tangu 1987 na matibabu ni bure. Jabali alikutwa na kwato za mbele zilizorefuka kupita kiasi, na chini ya tandiko palikuwa na kidonda nilichokuwa nimekiona nikakipuuza kwa kuwa hakikutoa damu. Punda huficha maumivu. Hali yake ikishaonekana wazi kwamba anaumwa, ujue ameumwa muda mrefu. Nilimpumzisha mpaka kidonda kikafunga, na katika muda huo ndipo tukaanza masomo, bila mzigo hata kilo moja.

Tulikuwa tukifanya baada ya sala ya alasiri, uani, robo saa tu. Sikutumia lijamu, kile chuma cha mdomoni. Nilimvisha hatamu ya kamba laini isiyo na chuma, nikaishika kamba kwa vidole viwili. Sikuvuta. Niliikaza kidogo tu, uzito kama wa kikombe cha chai, nikangoja. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Sikuongeza nguvu wala sikupunguza. Kisha nikaona sikio la kushoto limegeuka upande wangu, na bega lake likasogea mbele kiasi cha upana wa kidole, kwato bado ziko palepale. Hapo hapo nikaiachia kamba ikalegea kabisa. Akashusha kichwa, akatafuna mate, akapumua kwa nguvu. Nikamkuna shingoni, nikaanza tena. Siku ile hatukupiga zaidi ya hatua tatu.

Ukitaka kushika jambo moja tu katika makala hii, shika hilo la kulegeza. Mnyama hajifunzi kamba inapokazwa, anajifunza inapoachiwa. Akijaribu, hata kwa kuegemea mbele tu, nawe ukaendelea kuvuta, umemwambia kwamba kujaribu hakuna faida. Na ukilegeza wakati amekita miguu anavuta nyuma, umemfundisha kuvuta nyuma. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi, na kulifuta kulinichukua siku nyingi kuliko kulitenda.

Halafu, usisimame mbele yake ukimkodolea macho. Macho ya punda yako pembeni. Kilichoko karibu kabisa mbele ya pua yake hakioni vizuri, na mtu anayemkabili uso kwa uso huku akivuta humfanya arudi nyuma. Simama usawa wa bega lake, mtazame mnakokwenda nyote wawili.

Baada ya wiki mbili tukaongeza kurudi nyuma na kupisha matako, yaani kusogeza sehemu ya nyuma kando, kwa kidole kilichoguswa ubavuni na kuondolewa mara tu anaposogea. Kwetu hili si pambo. Punda wawili wenye mizigo wakikutana uchochoroni, mmoja lazima arudi, na asiyejua kurudi atajikwaruza ukutani yeye na mzigo wake. Kisha nikaanza kutandaza vitu uani: kamba, gunia, ubao, mwisho gunia lililoloweshwa maji. Kila kimoja nilimwacha anuse apendavyo. Ubao ulitumaliza siku tatu nzima. Gunia alilikanyaga jioni ileile. Usiniulize kwa nini. Kila punda ana lake.

Siku ya mfereji nilichagua saa ambayo uchochoro umetulia. Nilimwomba jirani atangulie na punda jike wake mzee, aliyezoeana na Jabali, kwa sababu punda huamini macho ya mwenzake kuliko maneno yetu. Jike alivuka. Jabali akafika ukingoni, akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia maji, akanusa, akainua, akanusa tena. Kamba ilikuwa imelegea muda wote. Nikaikaza kidogo, akaegemea, nikaachia. Mara ya tatu akaruka. Aliruka kana kwamba ni mto, na kama ningekuwa mbele yake angenitua kifuani, kwa hiyo nasisitiza tena, kaa pembeni. Upande wa pili nilimkuna mpaka jirani akachoka kutungoja.

Hamu ya kumrudisha ili avuke tena ilinijaa. Sikumrudisha. Tulizunguka kwa njia nyingine mpaka nyumbani, nikamwekea maganda ya tikiti kwenye karai. Namwekea chini, simlishi mkononi. Punda anayelishwa mkononi huzoea kupekua mifuko, kisha kung'ata. Kesho yake alivuka kwa kuruka kidogo. Baada ya siku tano alikuwa akivuka kwa kutembea. Magunia matupu yakafuata, kisha mchanga nusu, na mpaka leo simbebeshi kama wanavyobebesha wengine. Safari huongezeka, pesa huchelewa, lakini mgongo wake hauna kidonda.

Lililobaki ni watu. Mwezi uliopita nilimwachia mpwa wangu apeleke mawe, akarudi jasho linamtiririka. "Mjomba, amegoma palepale mferejini." Nikaenda naye. Kijana alisimama mbele ya punda, kamba ameizungusha mara mbili kwenye ngumi, amelala nyuma kwa uzito wake wote. Jabali amekita kwato, masikio yamerudi nyuma. Nikamwambia, "Mwanangu, njoo huku begani, fungua ngumi." Akaniangalia, akafungua. Kamba ikaning'inia. Tukasimama watatu pale uchochoroni, bila neno, kwa muda ambao kijana aliuona mrefu sana, mpaka sikio moja likageuka.