Manjano kwa mgonjwa wa kisukari mwenye sonona

Mume wangu anameza metformini na glibenklamidi. Siku hizi mnyonge, chakula hataki. Jirani kasema manjano ya Muheza kwenye maziwa yatamfaa. Kweli?
– Mama, Ngamiani, Tanga

Mama, kijiko cha chai cha manjano kina kama miligramu 90 za kurkumini, yaani kiini chake cha dawa. Majaribio ya sonona hutumia miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku, kwa hiyo kijiko hicho hakifiki. Kwenye mchuzi, tia bila wasiwasi. Vidonge vya manjano vyenye pilipili manga ndivyo vya kuogopa: pamoja na dawa zake, sukari yaweza kushuka chini ya 4 mmol/L, akatetemeka na kutoka jasho. Ombeni kipimo cha vitamini B12, maana metformini ya miaka mingi huipunguza, na upungufu wake huleta unyonge. Akitaja kufa, hospitali siku hiyohiyo.