Mteja arudi: mpe sahani, usimpunguzie bei

Wengi wanaoniuliza namna ya kuwafanya wateja warudi huanza na punguzo. Mimi nauza chakula cha mchana Ilala, na ushauri wangu ni huu: bei iache palepale, zawadi itoke kwenye sufuria yako.

Piga hesabu. Sahani ya wali nyama ni shilingi 4,000, kuipika inanigharimu kama 2,400. Ukipunguza asilimia 10, kwa sahani kumi umeachia 4,000. Ukimpa ya kumi na moja bure, umetoa 2,400, na yeye kapata kitu cha 4,000. Tena bei ukishaishusha, siku ya kuipandisha mtagombana. Hata kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya, ilipoanzisha mpango wake wa pointi za zawadi, Bonga, mwaka 2007, pointi zilimrudia mteja kama muda wa maongezi na SMS, yaani bidhaa yao wenyewe.

Halafu zawadi isiwe mbali. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio la kituo cha kuosha magari huko Marekani. Waligawa kadi 300: kila ukiosha gari unagongewa muhuri, kadi ikijaa unaoshewa bure. Nusu zilitaka mihuri minane na zilikuwa tupu. Nusu zilitaka kumi, ila miwili ilishagongwa. Kote zimebaki safari nane, lakini waliokamilisha kadi tupu walikuwa asilimia 19, na wale waliopewa cha kuanzia asilimia 34. Kwa hiyo kadi yangu ina nafasi kumi na mbili, na mteja mpya namgongea mihuri miwili ya mwanzo hapohapo, anaona. Wengi huhesabu zilizobaki kabla hawajaitia mfukoni.

Muhuri chongesha wako, wenye alama yako. Ule wa kununua dukani kila mtu anaweza kuupata. Vijana wa bodaboda kadi huwapotea, kwa hiyo zao nazitunza kwenye boksi karibu na droo ya pesa, kwa majina. Kazi hiyo naipenda sana, maana ndiyo iliyonifanya niwajue mmojammoja.

Siku ya zawadi usimbanie mtu. Asiambiwe nyama imeisha achukue maharage, wala asisubirishwe wanaolipa wahudumiwe kwanza. Mpakulie kama kawaida, na mchuzi muongeze akiomba.

Na ukiona kadi nyingi zinagongwa mara mbili tatu kisha wenyewe hawaonekani tena, tatizo haliko kwenye kadi. Nenda jikoni ukaonje chakula.