Maswali yenu ya Hürrem na Suleiman

Bado maswali ya Muhteşem Yüzyıl, tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman na mkewe Hürrem, yanamiminika. Haya ya leo.

Mbona Hürrem kabadilika sura?
Mwigizaji wake Meryem Uzerli aliondoka 2013 akaingia Vahide Perçin. Jamani hili nimeshajibu mara ngapi, someni ya nyuma kwanza.

Hürrem ndo alimuua Mustafa, si ndiyo?
Siyo, na hapa ndo huwa mnaniudhi. Mwaka 1553 jeshi liko njiani kupigana na Waajemi, Mustafa, mtoto wa Suleiman kwa mwanamke mwingine, akaitwa hemani kwa baba yake karibu na Ereğli, kuingia tu akanyongwa kwa kamba ya upinde maana damu ya ukoo wa kifalme haikuruhusiwa kumwagwa. Amri ilitoka kwa Suleiman. Fitina ya Hürrem na mkwe wake Rüstem Pasha inatajwa sana, sawa, lakini mtu katawala miaka 46 mnataka kuniambia alidanganywa kama mtoto? Mama wa kambo anatukanwa, baba anaonewa huruma! Na desturi yao ilikuwa anayekalia kiti anawamaliza ndugu zake, sasa Mustafa angeshika nchi wanawe Hürrem wangepona? Halafu 1561 Bayezid, mtoto wa Hürrem wa kumzaa, kauawa Uajemi pamoja na wanawe baada ya kugombana na ndugu yake Selim, na mama yake ana miaka 3 kaburini. Hapo mtamsingizia nani?

Suleiman alimuoa Hürrem kweli au alibaki suria?
Alimuoa, kwenye 1534 hivi, na watu walishangaa kwelikweli maana masultani walishazoea kuzaa na masuria bila ndoa. Na acheni kufanya suria kuwa tusi, Bibi Salme, binti wa Sultani wa Unguja, mama yake alikuwa suria na binti alikuwa Sayyida kamili. Ila msisahau pia kwamba Hürrem alikuwa mateka, kakamatwa huko ambako leo ni Ukraine akauzwa, kwa hiyo mnaponiandikia "natamani mapenzi kama yale" roho inaniuma.

Ibrahim Pasha na Hatice je?
Kwenye tivii Ibrahim, waziri mkuu na rafiki wa Suleiman, alimuoa Hatice, dada wa Suleiman. Watafiti wengi siku hizi wanasema mkewe aliitwa Muhsine. Kifo cha Ibrahim ndo cha kweli, Machi 1536, usiku wa Ramadhani, ndani ya ikulu ya rafiki yake. Zamani watu walimwita Makbul, mpendwa, baada ya usiku ule wakabadilisha herufi moja tu: Maktul, aliyeuawa.