Usiku funga mlango wa chumba, fungua dirisha

Kwetu milango ya vyumba vya kulala hufungwa kila usiku, yetu na ya watoto. Wengi huuacha mlango wazi ili hewa ipite na mtoto akilia asikike. Hoja hizo zina uzito, lakini tuanze na moto.

Moto ukizuka sebuleni watu wamelala, kinachoua zaidi ni moshi. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala anaweza kuivuta asiamke kamwe. Sponji ya makochi na magodoro ya siku hizi huwaka upesi na kufuka moshi mweusi mzito. Nchini Marekani, Fire Safety Research Institute, taasisi ya utafiti wa usalama wa moto, imechoma nyumba za majaribio: chumba chenye mlango wazi kilifikia nyuzi 500 za Selsiasi na zaidi, kilichofungwa kikabaki karibu 38. Mlango wa kawaida tu, jamani! Hizo ndizo dakika za kuamka na kutoka.

Hewa nayo si jambo dogo. Hewa ya nje ina kaboni dioksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua, sehemu 420 hivi kwa milioni. Watu wawili wakilala kwenye chumba kilichozibwa, kiwango hupita 1,000 kwa urahisi. Nilikuwa naamka kichwa kizito, koo limekauka, vioo vya dirisha vimelowa. Siku hizi naacha dirisha wazi upana wa vidole viwili, na uzito ule umeisha.

Mwanangu wa pili aligoma kabisa; alitaka kuuona mwanga wa koridoni. Tukamwekea taa ndogo karibu na sakafu, tukakubaliana mlango nitaufunga akishasinzia. Kwa mtoto mchanga tulitumia kifaa cha kumsikilizia.

Mlango uliofungwa hupunguza sauti ya king'ora cha moshi, kwa hiyo weka kimoja koridoni na kingine ndani ya kila chumba. Kijaribu mlango ukiwa umefungwa nawe umelala kitandani, usikie mwenyewe.

Usipige ufunguo; ulimi wa kitasa ukiingia inatosha. Ukiamka ukasikia harufu ya moshi, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Mlango ukiwa na joto, usiufungue: ziba upenyo wa chini kwa shuka, kisha ita msaada dirishani. Na kama dirisha lina nondo, hakikisha zinafunguka kwa ndani na kila aliyemo chumbani anajua namna ya kuzifungua gizani.