Kila Mwaka Ninakwama Katika Walawi

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni muuguzi wa zamu. Kila Januari huanza Mwanzo nikikusudia kuimaliza Biblia kwa mwaka mmoja, lakini Februari hunikuta katika Mambo ya Walawi, sura zimenilundikia, nami huacha. Nifuate ratiba gani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Amina, dada yangu. Usijihesabu kuwa mvivu. Biblia ina sura 1,189, ambazo kwa siku 365 zinamtaka msomaji asome sura tatu hadi nne kila siku bila kuruka hata moja; anayeanza Mwanzo kwa mwendo huo humaliza Kutoka mwishoni mwa Januari na kukutana na sura 27 za sadaka na utakaso wakati ari ya mwaka mpya imeshapoa. Nimewahi kushika Biblia ya muumini mmoja ambayo kurasa za Mwanzo zilikuwa zimechakaa na kujikunja pembe, ilhali za manabii wadogo zilikuwa bado zimegandana kama ilivyotoka dukani.

Kwa mtu wa zamu, nakushauri uanze na Agano Jipya. Lina sura 260, hivyo ukisoma sura moja kwa siku, siku tano kwa juma, utalimaliza kwa majuma 52 kamili, na kila juma utabakiwa na siku mbili za kufidia pale ulipotoka kazini ukiwa hoi. Siku hizo mbili ndizo zinazoiokoa ratiba, maana ratiba isiyo na nafasi ya kukosa huvunjwa na homa ya mtoto ya usiku mmoja tu.

Wengi watakutajia ratiba ya Mchungaji Robert Murray M'Cheyne wa Dundee, Uskoti, ya mwaka 1842, ambayo hupitia Agano la Kale mara moja na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili kwa mwaka. Ni nzuri kwa mwenye asubuhi na jioni tulivu, lakini yeye mwenyewe aliwaonya washirika wake kwamba inaweza kuwa nira nzito mno.

Walawi nayo usiitupe. Utakapofika Waebrania 9, simama hapo, urudi Walawi 16, usome polepole habari za Haruni na wale mbuzi wawili na kuingia kwake ndani ya pazia, kisha ndipo uendelee na Waebrania 10.