Ngalawa haikai katikati ya picha

Ndugu, unasema picha zako za ngalawa za Nungwi hazina uhai: chombo katikati, bahari pande zote. Kisogeze kando, maji yawe mengi mbele ya omo (pua ya chombo) kuliko nyuma ya tezi (mkia wake), kionekane kina pa kwenda. Halafu chutama, hata suruali ikilowa. Ukipiga umesimama, mstari wa upeo unakata tanga katikati. Ukishuka, mstari nao unashuka, tanga linabaki peke yake angani. Hilo ndilo kubwa, mengine nyongeza. Jua likizama, pima mwanga kwenye anga, tanga litoke jeusi na matengo (zile mbao za pembeni mwa ngalawa) yaonekane wazi. Vyombo viwili vikipishana, subiri viachane. Wavuvi wakiwa karibu, salimia na uombe ruhusa kwanza.