Maswali ya Wazamiaji: Hewa ya Mtungi Mmoja

SWALI: Mimi na mwenzangu tunataka kuzamia kwenye mwamba wa matumbawe ambao kilele chake kiko mita 6 na mteremko wake unafika mita 18. Mitungi ni ya lita 12, imejazwa baa 200 (baa ni kipimo cha kanieneo, yaani mgandamizo). Tunakusudia kukaa chini dakika 50, kisha turudi kwenye kamba ya boya. Hewa itatosha?

JIBU: Kwa mita 18, haielekei. Pimeni kwanza pumzi zenu. Ogeleeni taratibu kwenye mita 10 kwa dakika 10, mtazame geji imeshuka kiasi gani. Ikishuka baa 33, zidisha kwa lita 12, gawa kwa dakika 10, kisha gawa kwa 2, kwa sababu kanieneo ya mita 10 ni maradufu ya ile ya juu ya maji. Jibu ni kama lita 20 kwa dakika. Mpango ufuate anayemaliza hewa haraka zaidi.

Mtungi una lita 2,400 za hewa (12 mara 200). Kwenye mita 18 kanieneo ni baa 2.8, hivyo zile lita 20 zinakuwa 56. Lakini msianze kugawa kabla hamjatenga akiba ya kuwapandisha nyote wawili kwa mtungi mmoja. Mtu mwenye hofu hupumua kwa kasi, basi mhesabieni kila mmoja lita 30 kwa dakika. Dakika 1 ya kutulizana chini ni lita 168. Kupanda mita 9 kwa dakika, kwa dakika 2, kanieneo ya wastani ikiwa baa 1.9, ni 228. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5 ni 270. Jumla ni 666, yaani karibu baa 56. Wekeni 60. Wengi wamekariri akiba ya baa 50. Kwa wawili walio kina hiki haitoshi, na hapo hatukubali ubishi.

Zinabaki baa 140. Kwa kuwa lazima mrudi kwenye kamba, mna 70 za kwenda na 70 za kurudi: geji ya yeyote ikisoma 130, geukeni wote. Kwenda, kwenye mita 18, ni dakika 15. Kurudi, pandeni mteremko hadi mita 10, ambako mnatumia lita 40, mpate dakika 21. Zote ni 36. Mkizitaka 50 kwelikweli, kaeni kileleni, mita 6: huko baa 140 hizo hizo zinafika dakika 52.

SWALI: Tulifuata jedwali la maji kujaa na kupwa, lakini tulipozama tukakuta mkondo mkali. Tulikosea wapi?

JIBU: Jedwali linataja saa za maji ya bandarini. Mwambani mkondo huweza kutulia mapema au baadaye, hasa kwenye mlango wa maji baina ya miamba. Fikeni nusu saa kabla, mtazame kamba ya boya. Ikisimama wima, ingieni, ikilala, subirini. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni afadhali kuliko za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Anzeni safari kwa kuukabili mkondo ili uwasaidie kurudi. Kumbukeni pia kwamba kuupigia mapezi huongeza sana pumzi, kwa hiyo mgeuke kwa kufuata geji, hata kama saa inaonyesha bado mapema.